Barua ya Wazi: Kusi Haingoji OC

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi na Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi;
Kwa Wakurugenzi Wakuu wa Mamlaka ya Bandari (TPA), Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu;
Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Tanga

YAH: VYOMBO VYA UPEPO NA JUA VYA KULINDA BAHARI YA TANGA, KABLA MELI YA KWANZA YA MAFUTA HAIJAPAKIA CHONGOLEANI

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi injini mstaafu. Miaka kadhaa ya utumishi wangu niliitumia kuhudumia boti ya doria ya ofisi moja ambayo siitaji, kwa kuwa sikuandika ili kumchongea mtu. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, nzuri, ya msaada, yenye mashine mbili za HP 75. Mashine hizo ukizikanyaga zinakunywa kama lita 50 kwa saa. Aliyetupa boti alikata utepe, akapigwa picha, akaondoka. Mafuta hakuacha.

Nawasimulia usiku mmoja tu. Ilikuwa maji mafu, bahari imetulia kama ziwa, tuko zamu gatini. Tukausikia mshindo mzito, ule ambao kifua kinaupokea kabla ya masikio. Baruti ya wavuvi haramu. Hazikupita dakika kumi, wa pili. Mkuu wa zamu akanitazama. Nikachukua kijiti changu cha kupimia nikakichovya tangini, kikarudi kimelowa vidole viwili. Kwa mafuta yale tungefika kwenye tukio, lakini kurudi kungekuwa kwa kasia. Tukakaa. Asubuhi sokoni kulikuwa na vibua na changu ambao ukiwashika mkononi wanalegea kama kitambaa, uti umekatika, na wanunuzi wakawanunua kwa bei ya kupunguziwa. Kila mtu alijua, akiwemo aliyewauza, na sisi tuliovaa sare.

Kichekesho ni kwamba wapiga baruti walijua kabla yetu kama boti ina mafuta. Kituo cha kujazia kilikuwa kimoja, na kijana wa pampu alikuwa na shemeji. Tuliandika dokezo. Tukaambiwa tusubiri OC, yaani fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi. OC ikaja robo iliyofuata, ikaja nusu, ikaishia kwenye matairi ya gari la ofisi.

Nakiri mapema: tangu kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya serikali kilipoanza kubana mambo miaka ile ya 2016 na kuendelea, milipuko imepungua sana, na wavuvi wa huku wanaishukuru serikali kwa hilo. Lakini doria ya pwani hii bado ni doria ya kidumu. Siku kidumu kikiwa kitupu, bahari haina mwenyewe. Na bahari tunayoizungumzia si bwawa: pwani yetu ina kilomita 1,424, na ukanda wa uchumi wa bahari unafika kilomita za mraba 223,000 hivi. Hakuna bajeti ya dizeli itakayoutosha ukanda huo, hata mkihamishia matairi yote ya magari huko.

Ndiyo maana naleta habari ya vyombo visivyo na nahodha wala tangi. Sikuviota. Viko, na vimeshatumika vya kutosha kujulikana uzuri wake na ubovu wake.

Kuna kampuni ya California iitwayo Saildrone. Chombo chake cha kawaida kina urefu wa mita 7, si zaidi ya dau la wastani, na badala ya tanga la kitambaa kina bawa gumu lililosimama wima kama la ndege. Upepo ndio injini. Jua kupitia paneli zake ndilo linalolisha kamera, vipimo na redio ya setilaiti, na mtu anakiongoza akiwa ofisini nchi kavu. Mwaka 2019 kimoja kilizunguka Antaktika kwa siku 196, zaidi ya kilomita 22,000, bila mtu na bila lita moja ya mafuta. Septemba 30, 2021 kingine, kilichofupishwa bawa makusudi, kiliingizwa ndani ya kimbunga Sam katika Atlantiki. Mawimbi yalikaribia mita 15, upepo ukapita kilomita 190 kwa saa, na kikaendelea kutuma picha. Mwaka 2020, korona ilipozifungia meli za utafiti bandarini, Wamarekani walituma vyombo vitatu vya aina hii kutoka California hadi Bahari ya Bering kwenda kupima wingi wa samaki kwa mwangwi. Wakapata makadirio yao ya mwaka.

Aina ya pili inaitwa Wave Glider. Hii haina bawa. Juu kuna ubao unaoelea wenye paneli za sola, na chini, mita kadhaa majini, unaning'inia mwili wenye mapezi, vimeunganishwa kwa waya. Wimbi likiuinua ubao, mapezi yanageuka na kusukuma mbele; likishuka, yanageuka upande wa pili na kusukuma mbele tena. Kimoja kiliondoka San Francisco Novemba 2011 kikafika Australia Novemba 2012. Mwaka mzima kwa nguvu ya mawimbi peke yake! Mimi niliyebadilisha plagi maisha yangu yote nilisoma habari hiyo mara mbili.

Sasa hapa ndipo fundi anapotakiwa kumshika bosi mkono kabla hajasaini hundi. Mkondo wa maji wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unaweza kuzidi mita moja kwa sekunde, yaani kama maili mbili za baharini kwa saa. Chombo cha mawimbi nacho mwendo wake ni huohuo wa maili moja, mbili. Mkikitupa mashariki ya Pemba mwezi wa saba mkikiagiza kisimame hapo, mtakwenda kukichukua Kenya. Kwa bahari ya nje tunataka chombo cha bawa. Cha mawimbi kinaweza kufaa kaskazi, maji yakipoa mwendo, au mahali ambapo mwamba unakinga mkondo. Asije muuzaji na picha nzuri akawauzia cha mawimbi kwa ajili ya kusi, kisha mwaka wa pili tukaambiwa teknolojia imeshindwa Afrika.

Mkiniuliza kwa nini tuhangaike na macho ya sola baharini, nawajibu kwamba macho hayo yako baharini mwetu tayari, ila si yetu. Muulizeni mvuvi yeyote anayetoka mbali, au aliyewahi kuokota vitu ufukweni baada ya kusi kali. Atawaonyesha boya la duara, la plastiki ngumu, lenye paneli za sola juu. Meli kubwa za nyavu za jodari huyaachia maboya hayo yaelee na mkondo. Chini yake hufungwa kamba na nyavu kuukuu ili samaki wajikusanye kivulini, na ndani yake mna kipimo cha mwangwi kinachokadiria samaki waliopo chini na kutuma hesabu kwa setilaiti. Nahodha aliye mbali anajua chini ya boya gani kuna tani ngapi kabla hajawasha injini kwenda huko. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, katika azimio lake la 2019, iliweka kikomo cha maboya 300 kwa kila meli. Mia tatu, meli moja! Na sisi kwa pwani nzima tuna kijiti cha kuchovya tangini.

Nimeshaliona mimi mwenyewe boya kama hilo. Vijana walileta betri yake kwangu niwafungie taa ya kuvulia dagaa. Niliwafungia. Inawaka vizuri. Sikujua siku ile kwamba tulikuwa tumelifungua jicho la mtu.

Hivyo vyombo vyetu vinaweza kufanya nini hasa? Cha kwanza ni kusikiliza. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yetu kwa chombo cha tanga wakikokota vinasa sauti chini ya maji. Ndani ya siku 31 walithibitisha milipuko ya baruti 318, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Ripoti hiyo ilifanya kazi ambayo malalamiko yetu ya miaka hayakuifanya, kwa sababu ilileta idadi, mahali na saa. Lakini ilikuwa safari ya mwezi mmoja. Chombo cha upepo kingekaa nje miezi, kikisikia kila mshindo na kila injini ipitayo usiku. Meli kubwa inatakiwa iwashe kifaa cha kujitambulisha. Ikikizima ili iibe, mitambo ya nchi kavu inayotegemea kifaa hicho haiioni tena. Injini yake haizimi, na rada ya chombo kilichoko jirani inaiona. Mwaka 2009 tuliikamata meli ya uvuvi Tawariq 1 na samaki wake waliokuja kuitwa samaki wa Magufuli, kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini. Mwaka 2018 meli nyingine, Buah Naga 1, ilikutwa na mapezi ya papa, kwa msaada wa meli ya Sea Shepherd, shirika la kutetea viumbe vya bahari. Mara zote mbili tulikuwa tumepakiwa kwenye chombo cha mgeni, na mgeni ana ratiba yake.

Cha pili, nacho ndicho kinachonikosesha usingizi, ni mafuta. Bomba kutoka Hoima lina kilomita 1,443 na linaishia hapa Chongoleani. Sipingi bomba. Watoto wa huku wamepata kazi. Lakini mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, ndiyo maana bomba lenyewe linapashwa moto njia nzima, yakipoa yanaganda. Yakimwagika baharini sitegemei utando mwembamba wa kung'aa kama wa dizeli. Nategemea mabonge, yakielea na mkondo. Na mkondo nimeshawaambia unaelekea wapi. Ukitoka Chongoleani kwenda kaskazini unakutana na Moa na Jasini, kisha Vanga, Shimoni, Wasini, na hifadhi ya Kisite-Mpunguti ya wenzetu wa Kenya. Kusini yetu iko hifadhi ya silikanti, samaki yule ambaye dunia nzima ilidhani alishatoweka zama za kale, na wavuvi wa Kigombe wamekuwa wakimnasa kwenye majarife yao. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi mwaka 2009.

Siku bonge la kwanza likionekana kwenye mikoko, swali la kwanza la mwanasheria wa upande wa pili litakuwa: maji haya yalikuwaje kabla? Nani ana vipimo? Mafuta ghafi yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno yanang'aa, na kipimo kidogo cha kuusoma mng'ao huo kinaingia kwenye tumbo la vyombo hivi. Vivyo hivyo joto, chumvi na hewa ya oksijeni majini. Tukiwa na vipimo vya kusi mbili na kaskazi mbili kabla meli hazijaanza kupakia, tuna cha kuweka mezani. Tusipokuwa navyo, mvuvi wa Moa atasimama mahakamani na nyavu chafu mkononi, ataulizwa ushahidi.

Bandarini penyewe sitakaa sana. Lango la Tanga limechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, meli zinakuja gatini badala ya kupakulia nangani kwa matishari kama zamani. Mchanga hauna adabu, utarudi. Boti ndogo ya betri inayojiendesha na kupima kina kila wiki ni jambo jepesi, bandari za wenzetu zinafanya, na TPA haihitaji barua yangu kulijua.

Waheshimiwa, nimesifia sana, sasa niwatahadharishe.

Julai 25, 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba kule Mauritius, na si kwa kujificha: ilikuwa na vifaa vya kujitambulisha, imeonekana ikikaribia nchi kavu. Mafuta hayakuvuja siku ile. Yalianza Agosti 6. Siku kumi na mbili meli iko juu ya mwamba, dunia inaiangalia, kisha zikamwagika tani kama 1,000 kwenye matumbawe. Kwa hiyo msininunulie macho kabla hamjaniambia nani ataamka. Chombo kikituma saa nane usiku kwamba kuna mshindo maili sita mashariki ya Ulenge, simu inalia kwa nani? Ana mafuta? Ana amri ya kutoka bila kusubiri saini? Lita zile tunazookoa kwa kutozunguka-zunguka ovyo ziwekwe kwenye tangi la boti ya kukimbilia, zifungiwe huko kwa kufuli, na kufuli lisiwe na ufunguo wa mhasibu.

La pili ni taarifa ni za nani. Baadhi ya kampuni hizi hazikuuzii chombo, zinakuuzia safari na taarifa. Chombo chao, setilaiti yao, kompyuta zao. Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa inatupa haki ya kukubali au kukataa utafiti katika ukanda wetu, basi tuitumie haki hiyo kwenye mkataba: taarifa ghafi zije kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) na Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar wazisome, Mamlaka ya Hali ya Hewa ichukue upepo na joto la maji. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitufikia kikiwa kimepita bahari ambayo vipimo vyake ni vya kuokoteza.

Ya tatu ni ya ulinzi na heshima. Chombo kisicho na mtu kinachukulika. Agosti 2022 meli ya Iran ilikikokota kimoja cha Jeshi la Wanamaji la Marekani katika Ghuba, wakakiachia baada ya meli za Marekani kufika. Kama hicho chenye jeshi nyuma yake kilifungwa kamba, chetu kitakuwaje mbele ya kijana wa Moa anayetafuta betri ya taa? Mnamfahamu kijana huyo, nimemfungia taa mimi. Kitakachokilinda chombo ni yeye kujua ni cha nani na kinamfanyia nini. Vikundi vya BMU, vile vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi, vishirikishwe tangu siku ya kwanza: njia zake zikwepe majarife ya usiku, kiwe na taa, kiandikwe kwa Kiswahili ubavuni, na akikileta pwani kikiwa kimekwama alipwe kilichopungua kwenye uvuvi wake siku hiyo. Pia wapewe wanachokitaka wao, yaani utabiri wa upepo na mawimbi kwenye simu alfajiri kabla hawajashusha ngalawa. Mtu haibi kinachomwambia mwanawe atarudi saa ngapi.

Kuhusu sheria za kukwepana majini, najua zile za kimataifa za 1972 zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio, na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) bado wanaihangaikia kanuni ya meli zisizo na watu. TASAC wana wanasheria; wasitumie hilo kama sababu ya kutoanza. Wenzetu wanaendesha majaribio kwa vibali maalumu.

Mwisho ni ufundi. Chombo kikikaa majini miezi, makome na majani yanashika tumboni, mwendo unakufa. Wazee wetu walipandisha majahazi ufukweni kwenye bamvua, wakayaparua, wakayapaka shahamu. Kazi ni ileile. Wafundisheni vijana wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam na wa VETA Tanga kuparua, kubadili betri, kusoma kosa kwenye kompyuta. Msilete mkataba ambao kila skrubu inasubiri mtu wa ndege kutoka ng'ambo. Nimeishi maisha hayo: mashine imekufa kwa kukosa pampu ya maji ya ukubwa wa ngumi, imekaa miezi saba imefunikwa turubai, na kuku wakatagia humo.

Ombi langu ni dogo. Vyombo viwili vya bawa, kimoja nje, kimoja kwenye mlango kati ya Tanga na Pemba, na boti moja ya betri bandarini. Vianze kushushwa Oktoba kwenye maleleji, bahari ikiwa imepoa, watu wajifunze kuvishika kabla kaskazi haijaanza. Gati la Sahare linatosha kuvitoa. Bamvua maji yakijaa yanafika hadi kwenye ngazi ya tatu; maji mafu msijaribu, mtakwama kwenye tope, na hapo sitawasukuma, mgongo umegoma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi injini mstaafu,
Sahare, Tanga